Kunguni wa nyumba nzima: kisa cha vyumba sita Mbagala

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, kijana wa chumba cha nne alirudi kutoka bweni na tranka lake la bati na godoro lililofungwa kwa kamba. Wiki mbili baadaye watoto wa chumba cha tatu waliamka na vipele vilivyojipanga mstari mikononi na shingoni. Mama yao alifunua shuka, akamkamata mmoja, akamtumbua, na damu ikabaki kwenye kidole. Kabla ya adhuhuri hukumu ilishapita uani: kijana wa bweni ndiye aliyeleta kunguni. Akatolewa chumbani kwao, akalala koridoni kwenye mkeka mpaka likizo ikaisha.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Keko, na katika nyumba hii napanga chumba cha tano. Nyumba yenyewe ni ile ya kawaida ya Dar es Salaam: koridoni katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani kuna choo, bafu na sehemu ya kupikia. Tulikuwa watu 19 na vitanda 11. Naandika kisa hiki chote, pamoja na makosa yetu, kwa sababu tulipoteza zaidi ya miezi miwili, pesa nyingi na karibu tumpoteze mtoto, wakati kazi iliyotuponya ilihitaji mkaa, maji, sabuni na watu kukubali kusema ukweli.

Nianze na aibu, maana ndiyo iliyowalea wale kunguni. Kila chumba kilijua kinaumwa, na kila chumba kilinyamaza. Mimi mwenyewe nilimkuta mmoja kwenye mshono wa godoro langu mwishoni mwa mwezi wa sita, nikafanya kimya kimya. Nilinunua dawa ya kopo, nikapulizia kitanda, nikafunga mlango, nikaenda kazini. Wenzangu nao walifanya hivyo hivyo kwa siku tofauti. Mama mwenye nyumba aliposikia minong'ono aliniita pembeni: "Fundi, hili jambo lisitoke nje ya geti. Nikikosa wapangaji nitakula nini?" Nilimwelewa. Watu wanaamini kunguni ni wa wachafu, ingawa kunguni hatafuti uchafu. Anatafuta joto la mwili na pumzi ya mtu aliyelala, na akishashiba anatafuta ufa mwembamba wa kujibana. Chumba kilichopigwa deki mara mbili kwa siku kinamfaa sawasawa na kingine, alimradi kuna mtu na kuna ufa.

Tatizo la kila mtu kupulizia kwa siku yake ni kwamba dawa nyingi za madukani, pamoja na kuua baadhi, huwafukuza waliobaki. Kunguni hana mabawa lakini miguu anayo, na usiku mmoja anaweza kutembea mita kadhaa. Kuta za nyumba yetu hazikufika juu sawasawa. Kati ya ukuta na dari kuna nafasi ambayo waya za umeme zinapita. Nikipulizia chumba cha tano, wanahamia cha sita. Cha sita wakipulizia, wanarudi. Tulikuwa tunahamishiana mgeni na kila mmoja akidhani jirani ndiye mchafu.

Halafu kuna suala la dawa zenyewe. Nilikuja kusoma makopo yote manne tuliyokuwa nayo, nikaona majina ya kemikali yaliyoandikwa kwa herufi ndogo: sipamethrini, permethrini, deltamethrini. Makopo tofauti, rangi tofauti, bei tofauti, lakini ukoo mmoja. Hizi zote ni pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya asili ya ua la pareto, lile lile linalolimwa huko kwetu nyanda za juu kusini. Ndio ukoo uliotumika kwa miaka mingi kwenye vyandarua vyenye dawa. Watafiti waliofanya kazi vijijini kaskazini mashariki mwa Tanzania walichapisha mwaka 2002 kwamba kunguni wa vijiji vilivyotumia vyandarua hivyo kwa miaka kadhaa walikuwa wameshakuwa sugu kwa dawa za kundi hili. Kwa hiyo kubadilisha kopo jekundu kwa kopo la kijani, kama tulivyofanya, ilikuwa sawa na kumpiga mtu kwa mkono wa kushoto baada ya ule wa kulia kushindwa.

(Hapa niseme neno, maana dada mmoja wa chumba cha sita alitoa chandarua chake akidhani ndiko wanakokaa. Usitoe chandarua. Kunguni wanakera na wanakosesha usingizi, lakini haijathibitika kwamba wanaambukiza watu ugonjwa. Mbu wa malaria anaua. Chandarua kichemshwe? Hapana, kioshwe kwa maji ya kawaida na sabuni ya kipande kama maelekezo yake yanavyosema, kikaguliwe mishono, kirudishwe.)

Chupa isiyo na jina

Mwezi wa saba ukiwa katikati, alipita machinga na kipaza sauti: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, viroboto, chawa. Mama wa chumba cha tatu alinunua kichupa kidogo cha maji meupe kama maziwa, hakina karatasi, hakina jina. Aliambiwa achanganye na maji, anyunyize kwenye godoro, asubiri nusu saa. Alifanya alivyoambiwa. Usiku akawalaza watoto.

Saa tano tulisikia anapiga kelele. Mdogo wa miaka mitatu alikuwa anatokwa mate bila kukoma, machozi yanamtiririka, ametapika, jasho limelowanisha fulana, na anapumua kwa kuvuta. Dereva wa bajaji wa chumba cha sita alimkimbiza zahanati. Swali la kwanza la daktari lilikuwa: dawa ipi? Mama akatoa kichupa. Daktari akakigeuza huku na huku, hakuna cha kusoma. Ikabidi watibu kwa kuangalia dalili. Mtoto alipona, alirudi nyumbani baada ya siku mbili, na nashukuru Mungu kila nikimwona anakimbia uani.

Dalili zile, mate, machozi, jasho, kutapika na kupumua kwa shida, ni za sumu za kundi la oganofosfeti, ambazo nyingi ni dawa za mashambani. Zinaingia kwa kula, kwa kuvuta hewa, na pia kupitia ngozi. Mtoto akilala juu ya godoro lililoloa sumu hiyo usiku kucha, ni kama amevalishwa. Nchini kwetu viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kilichosajiliwa huja na karatasi inayotaja kilichomo, kinatumika wapi na ufanye nini mtu akidhurika. Karatasi hiyo ndiyo daktari aliyoitafuta usiku ule.

Ungedhani tungekoma hapo. Wiki moja baadaye dereva wa bajaji, kwa nia njema kabisa, alileta vidonge vya kuhifadhia mahindi. Kuna mtu kijiweni alimwambia weka vitatu chini ya godoro, funga chumba, rudi kesho yake. Nilimzuia mlangoni, na ndiyo mara pekee nimewahi kumpandishia sauti jirani. Vidonge vile ni aluminiamu fosfaidi. Vikikutana na unyevu wa hewa tu, na Dar hewa yote ni unyevu, vinatoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo haina dawa ya kuiondoa mwilini. Haiishii kwenye chumba ulichofunga. Inapita palepale kunguni wanapopita, juu ya ukuta na chini ya mlango, na kumkuta aliyelala chumba cha pili. Ni vidonge vya ghala na vya watu waliofundishwa, si vya nyumba ya kulala. Tulivipeleka kwa bwana afya wa kata, na safari ile ndiyo iliyogeuza mambo.

Bwana afya hakutupa dawa. Alituuliza: "Mmeshaangalia vitanda vingapi?" Nikajibu vitatu. "Na vilivyobaki vinane vina nini?" Sikuwa na jibu.

Kitanda cha Bibi

Chumba cha kwanza analala Bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba. Hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu Bibi hakuwa na kipele hata kimoja na hakulalamika. Hapa ndipo uchunguzi wetu ulipopotea tangu mwanzo. Vipele ni namna mwili unavyojibu mate ya kunguni, na miili haijibu sawa. Wapo wanaovimba, wapo wasioonyesha chochote, na wazee wengi wako kundi hilo la pili. Kutafuta kunguni kwa kufuata vipele ni kufuata ngozi, siyo mdudu.

Nilienda na mwenye nyumba, jioni, baada ya swala.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Unataka kukitazama kitanda changu?"

Alishajua. Kumbe mwanawe alikuwa amemweleza na kulia. Bibi akasema kitanda kile aliolewa nacho, mninga mtupu, hakijafunguliwa tangu mumewe afariki, na kwamba kama kina wadudu basi ni afadhali nikifungue mimi kuliko kuchomwa moto na mtu asiyejua mbao.

Nimetengeneza vitanda kwa miaka mingi lakini sikuwahi kukitazama kitanda kama nyumba ya mdudu. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hadi 7 na ni bapa, hivyo panapoingia kadi ya simu panamtosha. Kitanda cha kizamani kina maungio ya ulimi na tundu, na mbao zikishakauka kwa miaka, kila ungio linabaki na mwanya. Nilipong'oa mfumbati wa kwanza kutoka kwenye tendegu, ndani kulikuwa kweusi. Madoa madogo kama ncha ya kalamu ya wino, yamepandana, hicho ni kinyesi chao, damu iliyokauka. Magamba ya rangi ya chai, matupu, mamia. Kunguni hujivua gamba mara 5 kabla hajawa mzima na kila mara ni lazima anywe damu kwanza, kwa hiyo rundo la magamba ni kama daftari la mahudhurio. Na pembeni, yamegandishwa kwa gundi yao, mayai meupe ya kama milimita moja.

Rundo lile halikuwa la wiki sita. Kijana wa bweni alikuwa amefika mwezi wa sita, na mwezi wa saba mwanzoni alishaondoka na tranka lake, ilhali kunguni walizidi kuongezeka. Chumbani kwao tulikuta wachache, wengi wao wadogo, na alama mpya. Wametoka upande wa Bibi kwenda kwake. Inawezekana tranka nalo lilikuwa na wake, hilo sitalikataa. Lakini chanzo cha nyumba yetu kilikuwa kitanda cha mtu tuliyemheshimu kiasi cha kutomtazama, na lawama tulimpa mtoto ambaye hakuwa na wa kumsemea. Mama yake alisikia yote yaliyosemwa uani wiki zile. Nilimwomba radhi mbele ya watu, kwa sababu mimi pia niliyasema.

Jumamosi moja, vyumba vyote

Tulipanga Jumamosi ya mwezi wa nane, siku moja kwa vyumba vyote sita. Sharti hilo lilichukua muda mrefu kukubalika kuliko kazi yenyewe. Mwenye nyumba ndiye aliyelikata: alisimama koridoni akasema chumba cha mama yake ndicho chenye wadudu wengi kuliko vyote. Baada ya hapo kila mtu alifungua mlango.

Silaha yetu kuu ilikuwa joto. Kunguni na mayai yake hawawezi kulizoea joto kama walivyozoea dawa. Kwenye nyuzi 45 za Selsiasi mkubwa anaweza kuhimili zaidi ya saa nzima na mayai yakahimili saa nyingi, lakini ukivuka 50 wote wanakufa upesi. Hii ndiyo sababu kuanika godoro juani hakutoshi, na sisi wote tulikuwa tumeanika. Jua la Dar linapasha uso wa godoro, ndani ya sponji hapafiki joto hilo, na kunguni anahamia upande wa kivuli. Maji yaliyochemka hayana shida hiyo.

Tuliwasha majiko manne ya mkaa uani tangu alfajiri. Shuka, mito ya pamba, foronya, mapazia na nguo za kila siku vilichemshwa kwenye masufuria ya shughuli. Zisizochemka zilipigwa pasi ya moto, hasa kwenye mishono na kola. Zilizotoka kwenye moto hazikurudi chumbani. Ziliingia moja kwa moja kwenye mifuko safi ya nailoni, ikafungwa. Mabegi ya shangazi kaja yaligeuzwa ndani nje, yakamwagiwa maji ya moto, kwa maana ile mikunjo yake ni maficho mazuri.

Vitanda nilifungua mwenyewe na kijana wangu wa karakana. Kila chaga, kila mfumbati, kila tendegu likatolewa nje, likapigwa msasa kwenye maungio, likamwagiwa maji yanayochemka taratibu, birika baada ya birika, ili moto uingie mpaka ndani ya tundu. Gundi ya vitanda viwili iliachia, nikaviunganisha upya. Mbao zilipokauka, nilijaza mianya yote kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi, nikapaka vanishi. Ufa ukishazibwa hauna mpangaji. Ukutani tuliziba nyufa za lipu kwa saruji laini, na fremu za milango hivyo hivyo. Soketi za umeme tulizikagua baada ya kuzima umeme kwenye mita, na maji hayakuzikaribia.

Magodoro ndiyo yalitusumbua. Foronya zake zilivuliwa zikachemshwa, sponji likakaguliwa kwa tochi kona kwa kona na kusuguliwa, kisha likavishwa nailoni nene na kuzibwa kwa gundi ya karatasi bila kuacha tundu. Aliyebaki ndani hatoki wala hali. Lakini kunguni huvumilia njaa kwa miezi, kwa hiyo nailoni ile haitolewi kwa sababu tu mtu anaona joto. Magodoro mawili yaliyochanika vibaya tuliyatupa, na kabla ya kuyatupa tuliyakata vipande, ili asije mtu akayaokota akaenda kulalia.

Mafuta ya taa tuliyakataza kabisa. Dada wa chapati alikuwa akipaka kwenye matendegu, na ni kweli anayeguswa hufa. Mayai hayafi yote, chumba kinanuka wiki nzima, na jiko la mkaa liko hatua tano.

Dawa iliingia mwisho, na kwa uchache. Bwana afya alituletea mpuliziaji wa kata mwenye glavu na barakoa, na dawa iliyosajiliwa, ya ukoo tofauti na ile ya makopo yetu. Alipulizia nyufa za chini ya kuta kwenye chumba cha kwanza na cha tatu tu, siyo kitandani, siyo kwenye godoro. Watu na vyombo vya chakula vilikaa nje mpaka pakauka.

Vitako 44

Kilichobaki ni kuhesabu, na bila hesabu tungejidanganya. Tuliweka kila tendegu ndani ya kitako cha chupa ya maji. Chupa ya lita moja na nusu haitoshi kwa tendegu la inchi tatu, kwa hiyo tulinunua za lita sita kwa mama anayeokota makopo, tukakata vitako 44. Ndani, maji na sabuni ya unga. Sabuni ni ya lazima, kwa sababu kunguni wa ukanda wetu wa joto, anayeitwa Cimex hemipterus, hupanda plastiki laini vizuri kuliko ndugu yake wa nchi za baridi. Kwenye kitako kikavu angetoka. Kwenye maji ya sabuni anazama. Kitanda kilivutwa kiganja kimoja kutoka ukutani, chandarua kikachomekwa chini ya godoro, shuka lisiguse sakafu. Hapo kunguni hana njia ya kumfikia mtu ila kupitia kwenye kitako. Maji yalibadilishwa kila siku mbili ili yasizalishe mbu.

Binti wa chumba cha pili, wa darasa la sita, alipewa daftari. Kila asubuhi alipita na tochi kabla ya kwenda shule. Wiki ya kwanza aliandika 31, kumi na tisa kati yao chumba cha Bibi. Wiki ya pili 12, karibu wote wadogo, wa rangi ya majani makavu. Wengine walikata tamaa walipowaona, wakasema kazi imeshindwa. Lakini tuliwatarajia. Yai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi, na tuliyoyakosa Jumamosi ile lazima yangetoa watoto. Mtoto huyo anahitaji wiki kadhaa na milo mitano ya damu ndipo atage. Ukimrudia kabla ya hapo, ukoo unakatika. Tulirudia maji ya moto na pasi siku ya 10, tukarudia tena siku ya 20. Wanaopiga dawa mara moja na kuridhika hushindwa hapo hapo, kwenye wiki ya pili.

Wiki ya nne alipatikana mmoja, chumba cha sita. Kuanzia wiki ya tano daftari lina sifuri, na tuliendelea kuandika sifuri mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, kwa sababu kunguni wachache wenye njaa wanaweza kujificha kimya.

Gharama nimezijumlisha na wenzangu kwa kadiri tulivyokumbuka. Makopo, vichupa na nauli ya zahanati vilitutoka shilingi 96,000 bila kuhesabu matibabu. Mkaa, sabuni, nailoni, saruji na vitako, shilingi 58,000 kwa nyumba nzima. Unga wa mbao nilitoa karakana.

Mwezi wa kumi na mbili kijana wa chumba cha nne alirudi tena na tranka. Siku hizi mzigo wowote wa kulalia au wa nguo unaotoka nje, wa mwanafunzi, wa mgeni wa mkoani, hata kochi la mtumba, unafunguliwa kwanza uani, na jiko linakuwa limeshawashwa. Bibi alikuwa ametoa kiti chake nje kumngojea. Kijana alisalimia, akafungua tranka mwenyewe, akaanza kutumbukiza nguo kwenye sufuria moja baada ya nyingine, na Bibi akamshikia tochi kwenye bawaba za kifuniko. Usiku alilala kitandani kwake, na binti wa darasa la sita akaandika vitako vinne vya chumba cha nne: 0, 0, 0, 0.